Krismasi hii, kabla hujabeba katoni za soda kwenda kituo cha watoto

Mama Tegeta (mleta uzi), 2 Desemba

Wanajukwaa, habari za jioni.

Naandika mapema kwa makusudi. Ikifika tarehe 20 kila mtu akili yake iko stendi ya Mbezi kwenye tiketi au Kariakoo kwenye nguo za watoto, hakuna atakayesoma uzi mrefu.

Mwaka jana mimi na baba watoto tuliona wanetu wamezidi kudeka. Kila sikukuu wanadai, hawatoi. Tukaamua Krismasi waende wakatoe. Tukapakia katoni nne za soda, maboksi ya biskuti, hotpoti la pilau na mfuko wa nguo zilizowabana, tukaenda kituo kimoja cha kulelea watoto hapahapa Dar. Ilikuwa tarehe 25, tumetoka misa ya kwanza.

Getini tulikuta magari manne. Kulikuwa na kundi la wafanyakazi waliovaa fulana za kufanana, akina mama wa kikoba, na familia nyingine mbili. Tukapanga foleni. Nasema kweli, tulipanga foleni ya kutoa msaada.

Zamu yetu ilipofika watoto wakatolewa, wakapanga mistari, wakaimba wimbo wa kukaribisha wageni. Sauti zilikuwa zimekauka, maana walikuwa wameshaimbia wote waliotutangulia. Kadogo kamoja mbele kalikuwa kanaimba huku kanasinzia. Tukapiga picha. Binti yangu, miaka tisa, akaambiwa amkabidhi boksi la biskuti msichana wa rika lake. Yule akapokea, akasema asante, akaliweka juu ya mengine bila hata kulitazama.

Kwenye gari kimya. Tumefika Mwenge ndipo binti akauliza, "Mama, mbona hakufurahi?" Baba yake akamjibu kwamba alifurahi, ana haya tu. Akasema, "Hapana. Amechoka."

Wiki ya pili ya Januari nikarudi peke yangu kuchukua hotpoti langu. Getini hakuna gari hata moja. Mlezi wa zamu akanifungulia stoo nikachukue chombo changu, na humo nikaona soda, biskuti, pipi, maputo, vimepangwa mpaka dirishani. Kisha akanionesha daftari lake. Watoto kumi na mmoja walikuwa hawajaanza masomo, huyu hana viatu, yule hana sare, na kijana mmoja alichaguliwa kidato cha kwanza shule ya bweni, hana godoro. Hakuniambia kwa ukali. Alisema, "Mama, Desemba tunashiba mpaka matumbo yanauma. Mngegawana miezi."

Nimekaa na neno hilo mwaka mzima.

Sisemi tusitoe Krismasi. Tutoe, tena na watoto wetu wawepo, kwa sababu mtoto asipoona mzazi wake anatoa hatajifunza kwa kuambiwa. Ila nimebadilisha mambo. Kwanza, mwaka huu nimepiga simu mapema kuuliza wanahitaji nini na lini. Ni simu ya dakika tatu, sijui kwa nini mwaka jana haikunijia akilini. Nadhani niliogopa kuambiwa kitu cha bei kuliko soda.

La pili ndilo lililonigharimu mawazo. Mwaka jana binti yangu hakutoa chochote. Boksi lile nililinunua mimi kwa pesa ya baba yake, yeye alikuwa tarishi. Nguo tulizopeleka zilikuwa zimeshambana, hakuzihitaji. Sasa anajifunza nini hapo? Kwamba maskini ni mahali pa kupeleka vilivyotushinda. Basi tangu Julai tumeweka kibubu mezani. Kila Jumapili wakipewa pesa ya koni wanachagua wenyewe kiasi gani kiingie. Kuna Jumapili mdogo wake hatii hata mia, na simgombezi. Tutakivunja tarehe 8.

Halafu picha. Sitapiga. Nikipiga mnifungie akaunti.

Naomba mawazo, hasa walimu, watu wa ustawi wa jamii, na yeyote aliyewahi kukaa upande wa pili wa foleni ile.

---

kitasa_kibovu, 2 Desemba

Umeandika vizuri ila tuambiane ukweli mchungu. Robo tatu ya wanaoenda huko wanatafuta cha kuweka status. Na vituo vingine ni biashara za watu, bango kubwa, watoto kumi na tano, mwenye kituo anabadilisha magari. Halafu ukiuliza vizuri unakuta watoto wana wazazi wao. Mimi situmi hata sh 100.

---

Mama Tegeta, 2 Desemba

Mkuu kitasa, hujakosea sana, na mimi mwaka jana status niliweka. Lakini ukishajua wapi panavuja unaziba hapo. Wewe unabomoa nyumba nzima.

---

chizi_maarifa_2, 2 Desemba

Nakaa siti ya mbele. Ngoja waje wenye vituo.

---

Mzee wa Kihamba, 3 Desemba

Binti yangu mleta uzi, ubarikiwe.

Sisi Wachaga ikifika Desemba Dar inapumua. Tunapanda Moshi magari yamejaa mpaka kwenye buti. Mwaka juzi nami niliona nifanye jambo, nikapeleka mbuzi wawili kwenye kituo cha watoto mjini. Nikapigiwa makofi, nikapewa soda, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Jioni tumekaa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na ndugu, mbege inazunguka, nikaona mtoto anachungulia kwenye migomba. Nikamwita. Kumbe ni mtoto wa marehemu binamu yangu. Kati ya kihamba chao na changu kuna mstari wa masale tu, ile mimea ya mpaka. Analelewa na bibi yake pamoja na wadogo zake watatu. Mguu mmoja ndala ya bluu, mguu mwingine ya njano. Siku ile nilikuwa nimepita mbele ya nyumba yao na gari mara sita, mara mbili nikiwa na mbuzi nyuma.

Wanaojua mila zetu wanajua kazi nyingine ya jani la sale, kwamba ukimkosea mtu unampelekea naye anakusamehe. Nilitamani kumpelekea yule bibi. Sikuwa na ujasiri. Nilimpelekea mchele.

Tangu hapo, kikao cha ukoo cha baada ya Krismasi kina ajenda mpya ya kwanza kabla ya michango ya makaburi na barabara. Tunataja kila mtoto wa ukoo ambaye Januari anaenda shule na hana kitu. Mtoto mwenyewe hayupo, hatajwi mbele ya wenzake. Kila mwenye nafuu anabeba mmoja. Hela anapewa bibi au mama, kimyakimya. Mwaka wa kwanza walipatikana tisa, na wote wanakaa umbali wa kutembea kwa miguu.

Vituo visaidiwe, sipingi. Lakini anza kuhesabu kuanzia mlangoni kwako.

---

Afisa Mstaafu, 3 Desemba

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi katika halmashauri mbili. Nijibu hoja ya kitasa_kibovu kwa sababu ina ukweli ndani yake, lakini hitimisho lake silikubali.

Makao ya watoto yanatakiwa kuwa na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009. Una haki ya kuomba kuiona. Mwenye makao halali hakasiriki ukiuliza, anakuonesha ukutani. Ukitia shaka nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kumuona ni bure. Ukiona mtoto anateswa au anatumikishwa, popote pale, piga 116. Hiyo ni namba ya huduma kwa mtoto na haikatwi salio.

Sasa hili la watoto kuwa na wazazi. Ni kweli, wengi wana mzazi mmoja hai au ndugu wa karibu, na sababu mara nyingi ni njaa. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mama ana watoto wanne, hana kodi. Anaona kituo cha jirani kila Desemba kinapokea magari, watoto wanakula pilau, wana sare, wana madaftari. Nyumbani kwake hakuna gari lililowahi kusimama. Atafanya nini? Atampeleka mmoja. Nimeshuhudia hilo, mama analia huku anasema "angalau yeye atakula." Sisi wenye huruma tumemwonesha kwamba msaada upo kituoni, haupo nyumbani kwake.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Desemba 2019 Baraza Kuu likapitisha azimio la kuzitaka nchi zipunguze hatua kwa hatua kulelea watoto kwenye taasisi na ziimarishe familia. Na kwa sheria yetu makao ni kimbilio la mwisho, baada ya ndugu na malezi ya kambo (mtoto kulelewa kwenye familia nyingine) kushindikana.

Kwa hiyo Mzee wa Kihamba amenitangulia. Gunia la mahindi kwa bibi anayelea wajukuu linazuia mtoto kuingia kituoni. Soda haizuii kitu. Lakini aliyeko kituoni leo naye ni mtoto, ana mguu, anahitaji kiatu. Asiadhibiwe kwa sababu ya mwenye kituo.

Kuhusu picha, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sura ya mtoto ni taarifa yake. Ridhaa inatoka kwa mzazi au mlezi kisheria, haitoki kwa mtu aliyeleta sabuni.

---

kitasa_kibovu, 3 Desemba

Afisa umeongea. Hiyo ya leseni sikuijua. Ila hela bado situmi.

---

Binti wa Ngamiani, 4 Desemba

Assalaam aleikum. Mimi Muislamu wa Tanga, sikukuu si yangu, ila jirani zangu ni yao na pilau lao nalila kila mwaka, kwa hiyo nina haki ya kuchangia.

Nimesoma hapo juu habari za kutoa siku yenyewe nikakumbuka zakatul fitri, zaka ya kumaliza Ramadhani. Kwetu inatolewa kwa kila kichwa ndani ya nyumba, mpaka mtoto mchanga anayenyonya anatolewa yake, pishi ya chakula kinacholiwa pale mlipo. Kwetu huwa mchele. Na lazima imfikie maskini mwenyewe kabla ya sala ya Iddi. Ukichelewesha mpaka baada ya sala inahesabiwa sadaka ya kawaida. Maana yake ni kwamba maskini naye aamke siku ya Iddi ana cha kupika jikoni kwake, sufuria lake, kuni zake, watoto wake wamemzunguka. Asiwe wa kungoja mlangoni kwa mtu mtu akishiba.

Nilipokuwa mdogo marehemu babu alikuwa anatupima wenyewe. Kila mjukuu anakuja na kibaba, anajimiminia ya kwake, tunahesabu vibaba vinne mpaka pishi itimie. Halafu anatutuma usiku. Tunabisha hodi, tunaacha, tunaondoka. Hakuna wimbo.

Nyie wa Krismasi mnaweza kuazima, hatudai riba.

---

Mama Tegeta, 4 Desemba

Hahaha dada wa Ngamiani, waleikum salaam. Tumeazima. Hiyo ya kila mtoto kujipimia mwenyewe naichukua leo hii.

---

Kateksimu Mtaani, 4 Desemba

Na sisi Wakatoliki tunayo ya kwetu, tumeisahau tu kwenye kabati la parokia. Utoto Mtakatifu (chama cha watoto Wakatoliki) ulianza Ufaransa mwaka 1843. Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy aliwaomba watoto wa Ufaransa wasali kila siku na watoe sarafu moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali, na wa kwanza kufikiriwa walikuwa wa China. Ilikuwa ni watoto kwa watoto. Kwetu wanafanya sikukuu yao tarehe 28 Desemba, siku ya Watoto Mashahidi, lakini siku hizi imebaki kuwa sare nzuri na maandamano. Kibubu cha Mama Tegeta ndiyo yenyewe.

---

Msafiri_Njoro, 5 Desemba

Salamu kutoka Kenya. Nimependa mjadala huu, haswa maneno ya afisa.

Huku kwetu serikali ilisitisha kusajili makao mapya ya watoto tangu 2017, kisha kukaja Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kurudisha watoto kwenye familia. Lakini watu wengi hawajapata habari. Desemba bado basi zima la wafanyakazi linaenda kwa makao moja na keki.

Sisi kwenye chama chetu tuko familia nane. Zamani tulikuwa tunachanga pesa ya nyama ya Krismasi pekee. Mwaka mmoja mke wangu akauliza, na Njaanuari je? Ninyi Watanzania sijui mnaiitaje, huku Januari ina jina lake na kila mtu analijua. Watu wamekula pesa yote ushago, yaani kijijini, nauli ya matatu ilipanda, shule zinafunguka, unga umeisha. Ikiwa mimi mwenye mshahara nalia, yule mama anayefua nguo za watu analia vipi? Desemba wenye nguo wamesafiri, hana hata kazi.

Sasa chama kinatoa mara mbili. Desemba ni kidogo, unga, mafuta, na nyama ili wapike kwao. Kubwa inatoka juma la kwanza la Januari. Familia ni mbili tu kwa mwaka, lakini tunashika hao hao mwaka mzima. Watoto wetu wanajua majina yao na wanacheza pamoja. Hakuna anayeitwa mhitaji.

---

ticha_wa_chaki, 6 Desemba

Nafundisha shule ya msingi ya serikali kijijini, mkoa sitautaja. Niwaambie Januari inavyoonekana kutoka mbele ya darasa.

Elimu bila malipo ilianza 2016 na imesaidia sana, nisiwe mwongo, nilifundisha kabla yake. Ada na michango mingi imeondoka. Lakini sare, viatu, begi na madaftari ni vya mzazi. Siku ya kwanza najua nani hana bila kuita jina. Anakaa nyuma kabisa, miguu ameikunja chini ya dawati. Mwingine haji kabisa, anasubiri kaka yake amalize kuvaa. Nimeshapata ndugu wawili waliokuwa na shati moja, huyu anakuja Jumatatu, huyu Jumanne. Mwanzoni nikadhani ni utoro.

Wanaochaguliwa kidato cha kwanza ndio wananiumiza zaidi. Majina yanatoka Desemba, kijiji kinashangilia. Halafu inakuja fomu ya kujiunga: godoro, shuka, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi, ufagio, tranka, sare jozi mbili. Kuna binti wangu alifaulu vizuri sana. Mama yake anauza mboga, akauza kuku wote, godoro likapatikana, ndoo na fyekeo vikakosekana. Akakaa nyumbani wiki mbili. Anapofika wenzake wameshazoeana na hesabu zimeshasonga. Kwa ajili ya ndoo!

Sasa wapendwa wenye nia njema, msininunulie sare za kukadiria kwa macho. Mwaka juzi nililetewa mashati sitini ya saizi moja. Nenda kwa fundi wa kijiji husika, anajua rangi ya shule na anawajua watoto, atawapima. Pesa inabaki palepale na fundi naye ana watoto. Kwa wasichana wakubwa wekeni taulo za kike, nyingi, hakuna anayekumbuka hizo Krismasi.

Na tafadhali, msimwite mtoto mbele ya paredi kumkabidhi viatu. Mpeni mama yake. Mtoto aseme "mama kaninunulia." Mimi mwalimu nitajifanya sijui kitu.

---

nililelewa_humo, 7 Desemba

Nimesoma tangu siku ya kwanza nikijiambia sitaandika.

Niliingia kituoni na miaka mitano nikatoka na kumi na nane. Desemba tulikuwa tunaiita "mavuno". Tuliwajua wageni kwa mbali. Wenye fulana wanaleta juisi, wa kanisani sabuni, wazungu wanaleta midoli na wanataka kubeba wadogo. Tulijua ukitabasamu unapewa nini, na ukinuna unaitwa na nani ofisini baadaye. Nikiwa na miaka minane mgeni mmoja aliniuliza mbele ya watu wote, "Wazazi wako walifariki na nini?" Akina mama wakatoa leso. Nikapewa pipi.

Mama yangu alikuwa hai. Alikuwa anaishi Mbagala na alikuwa anakuja kuniona akipata nauli. Afisa Mstaafu, yule mama uliyemsimulia, mimi ni yule "mmoja".

Sina kinyongo na kituo. Nilisoma, nina kazi, walezi walikuwa watu wa kweli. Ila nina neno kwa mleta uzi na kwa ticha. Mmesema viatu, madaftari, ndoo. Sawa, ni haki. Lakini mkiishia hapo mtakuwa mmetuona kama orodha. Kituoni kila kitu kilikuwa cha kituo. Sahani ya kituo, shuka ya kituo, hata nguo ya Krismasi ukiifua inaanikwa na za wengine, ikirudi anavaa mwingine. Mwaka mmoja dereva aliyewaleta wageni, siyo wageni, dereva, alinikuta nyuma ya jiko napiga danadana na mpira wa makaratasi. Januari akarudi na pikipiki yake akaniletea mpira wa ngozi. Akachukua peni, akauliza jina langu, akaandika juu yake. Ulipasuka baada ya miezi mitatu. Gamba lake nilikaa nalo mpaka naondoka.

Wengi walinipa nilichohitaji na nawashukuru. Sura zao sizikumbuki. Ya dereva nakumbuka.

---

ticha_wa_chaki, 7 Desemba

Nimenyamaza, ndugu yangu. Nimekuelewa.

---

Afisa Mstaafu, 7 Desemba

Pole na hongera. Mama yupo?

---

nililelewa_humo, 7 Desemba

Yupo, mzee wangu. Anakaa kwangu. Sasa hivi ananigombeza kwamba simu itaniharibu macho.

---

Mama Tegeta, 9 Desemba

Mrejesho. Jana tumevunja kibubu. Humo mna sh 31,650 na kifungo cha shati ambacho mdogo anaapa hakukiweka yeye.

Nilishawasomea wanangu ujumbe wa nililelewa_humo, nikiruka sehemu moja mbili. Baba yao alikuwa amepanga kwamba pesa ya kibubu inunue viatu vya yule msichana wa biskuti, maana mlezi ameshanitumia namba ya mguu. Binti akakataa. Akasema viatu nunueni nyie, ninyi ndio watu wazima. Pesa yake anataka imnunulie kitu "asichokihitaji". Baba yake akaanza mhadhara wa vipaumbele. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Kwa hiyo sisi wazazi tunabeba viatu na sare, zitakwenda mwishoni mwa mwezi huu zikiwa zimeshapimwa kwa fundi jirani na kituo. Tarehe 25 hatuendi. Badala yake tunapeleka mchele na kuku kwa mama anayetusaidia kufua, usiku wa 24, kwa mtindo wa Ngamiani, apike kwake.

Mlezi kasema mwaka huu pia kuna mtoto wa kidato cha kwanza, bweni, hana godoro wala tranka. Hilo linanizidi, nitafute watu.

---

kitasa_kibovu, 9 Desemba

Godoro la bweni ni futi mbili na nusu kwa sita, siyo? Na lazima liwe la inchi ngapi?

---

ticha_wa_chaki, 9 Desemba

Mbili na nusu kwa sita. Inchi nne zinatosha, ila chukua gumu, laini linaisha kabla ya likizo ya Juni.

---

kitasa_kibovu, 9 Desemba

Nauliza tu. Mama Tegeta niangalie PM. Na hiyo leseni nitataka kuiona kwanza, msidhani nimelainika.

---

chizi_maarifa_2, 9 Desemba

Siti ya mbele imelipa. Tranka niachieni mimi, shemeji yangu ana karakana kule Gerezani, Kariakoo.

---

Mama Tegeta, 14 Januari

Wakuu, kwa walioniuliza. Kijana kaondoka jana na godoro, tranka na fyekeo lililofungwa gazeti. Kitasa aliliona karatasi la leseni, akalisoma mpaka nyuma, akamuuliza mlezi maswali kama polisi, kisha akalibeba godoro mwenyewe kichwani mpaka stendi.

Binti yangu alimnunulia mwenzake kamba ya kuruka, shajara yenye kufuli, na heleni ndogo za maua. Kwenye shajara akaandika jina la mwenzake kwa kalamu ya dhahabu, na akamwachia funguo zote mbili. Tulipompa hakuimba wimbo wowote. Aliuliza, "Unajua kucheza rede?" Binti akasema anajua, na huo ni uongo.

Nimeomba ruhusa, mlezi amekubali Jumamosi moja kila mwezi, baada ya usafi. Kasema twende na ndala, uwanjani kwao ni mchanga mtupu.